Liemba: Meli ya vita iliyopita Kilosa ikiwa ndani ya masanduku

Na Mwandishi Wetu, Gairo

ABIRIA anayepita Gairo kwa basi akielekea Dodoma haoni bandari wala maji ya kuelea hata ngalawa. Anachokiona ni barabara kuu, maduka ya kando ya barabara na safu ya milima ya Ukaguru. Si rahisi kudhani kwamba nchi hii kavu ina sehemu yake katika historia ya meli kongwe iliyobeba abiria katika Ziwa Tanganyika.

Gairo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kilosa hadi mwaka 2012, ilipopewa hadhi ya kuwa wilaya kamili. Na ni kupitia Kilosa, katika kipindi cha mwisho kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, meli hiyo ilipita ikielekea ziwani. Haikupita juu ya maji. Ilipita juu ya reli, ikiwa imefunguliwa vipande vipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000.

Wakati huo iliitwa Graf von Goetzen. Leo inajulikana kama MV Liemba. Kati ya majina hayo mawili kuna vita, kuna watu waliokufa, kuna meli iliyozamishwa na wenyewe kwa makusudi, na kuna swali ambalo bado linafaa kuulizwa kila meli mpya inapoteremshwa majini: jina la chombo linamkumbuka nani, na linamsahau nani?

Meli iliyojengwa mara mbili

Ziwa Tanganyika liko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Hakuna mto ambao meli kubwa inaweza kuupanda kutoka baharini hadi huko. Mto Malagarasi unaingia ziwani, hautoki. Mto Lukuga unatoka ziwani kwenda kwenye mfumo wa mto Congo, lakini njia yote hadi Bahari ya Atlantiki imekatizwa na maporomoko. Kwa hiyo anayetaka meli kubwa katika ziwa hilo ana njia moja tu, nayo ni kuijenga hapo hapo ufukweni.

Wakoloni wa Kijerumani walipoamua kuwa na meli kubwa ya abiria na mizigo ziwani, Kigoma haikuwa na kiwanda cha kuyeyusha chuma wala karakana ya kukunja mabamba. Kazi hiyo ikapewa kiwanda cha meli cha Meyer kilichoko Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, ambako meli ilitengenezwa mwaka 1913.

Utaratibu uliotumika unastahili kuelezwa, kwani ndio uliotumika pia kwa meli nyingi za maziwa ya Afrika Mashariki. Kwanza, mafundi huunda meli nzima kiwandani: mkuku, ambao ni uti wa mgongo wa meli, kisha mataruma, yaani mbavu zake, na hatimaye mabamba ya chuma yanayozivika mbavu hizo. Lakini vipande hivyo havifungwi moja kwa moja. Hushikizwa kwa bolti na nati, ili kuhakikisha kwamba kila tundu linakutana na tundu lenzake.

Baada ya hapo kila kipande hupewa alama yake, bolti hufunguliwa, na meli yote hulazwa ndani ya masanduku. Ikifika inakokwenda, hujengwa upya kwa kufuata alama zile zile. Mara hii bolti hazitumiki. Hutumika ribiti, yaani misumari minene ya chuma inayopashwa moto hadi ikawa myekundu, ikapenyezwa kwenye matundu na kupondwa kichwa ingali ya moto. Ikipoa hunywea na kuyabana mabamba mawili kwa nguvu kiasi kwamba maji hayapenyi.

Goetzen ilikuwa na urefu wa zaidi ya meta 70 na upana wa takriban meta 10. Masanduku yake yalipakiwa katika bandari ya Hamburg, yakavuka bahari hadi Dar es Salaam. Mafundi watatu kutoka Papenburg walipewa jukumu la kuiunganisha tena: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Majina yao yamehifadhiwa. Ya vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi waliofanya nao kazi ufukweni Kigoma hayakupata bahati hiyo katika simulizi zinazojulikana na wengi.

Kutoka kichwa cha mpagazi hadi behewa

Goetzen haikuwa chombo cha kwanza kupita katika nchi hii ya kati kikiwa vipande. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua iliyogawanywa katika vipande ambavyo wapagazi walivibeba hadi Ziwa Victoria, na baadaye hadi Ziwa Tanganyika. Aliipa jina la Lady Alice, kwa heshima ya mchumba wake Alice Pike wa Marekani. Wakati wapagazi wakiendelea kulibeba jina hilo katika bara la Afrika, bibi huyo aliolewa na mtu mwingine mwaka 1876.

Mwaka 1882 na 1883, baharia na mmishonari Edward Coode Hore wa Jumuiya ya Misheni ya London alisafirisha mashua ya chuma iliyoitwa Morning Star kutoka pwani hadi Ujiji, nayo ikiwa imegawanywa. Katika miaka hiyo misafara iliyotoka Saadani ilipita Mamboya, katika nchi ya Wakaguru, kabla ya kufika Mpwapwa. Kwa maneno mengine, majirani wa Gairo walikuwa wakiona misafara ya ziwani muda mrefu kabla ya treni.

Meli yenye ukubwa wa Goetzen isingeweza kwenda kwa vichwa na mabega peke yake. Ilihitaji reli. Ujenzi wa Reli ya Kati, uliofanywa na kampuni ya Philipp Holzmann, ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, mwendo wa takriban kilometa 1,250.

Tuta la reli hiyo lilichimbwa kwa majembe na kubebwa kwa makarai na maelfu ya vibarua wa Kiafrika. Sehemu iliyo magharibi mwa Kilosa, ambako njia inafuata bonde la mto Mkondoa kuelekea Kidete na Gulwe, ni miongoni mwa sehemu zenye shida kubwa. Mto huo haujawahi kuisahau reli: mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko yalisomba tuta kati ya Kilosa na Gulwe na kusimamisha usafiri.

Ndiyo njia iliyoyapitisha masanduku ya Goetzen. Inafurahisha kwamba katika Kiswahili neno taruma lina maana mbili: ubavu wa chombo cha majini, na gogo au chuma kinacholazwa chini ya reli. Katika bonde la Mkondoa mataruma ya meli yalisafiri juu ya mataruma ya reli, na bila ya haya ya pili yale ya kwanza yasingefika popote.

Jina la gavana

Meli iliitwa jina la Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia mwaka 1901 hadi 1906. Neno Graf ni cheo cha ukabaila wa Kijerumani. Bwana huyo alifariki dunia mwaka 1910, hivyo hakuiona meli iliyobeba jina lake.

Kwa Wajerumani wa wakati ule, jina hilo lilikuwa na mantiki. Götzen alikuwa mpelelezi kabla ya kuwa gavana. Kati ya mwaka 1893 na 1894 alivuka Afrika kutoka Pangani hadi mdomo wa mto Congo, akipita Rwanda na kuliona Ziwa Kivu. Kuipa jina lake meli ya ziwa la magharibi ilikuwa njia ya kusema kwamba eneo hilo ni la Ujerumani.

Lakini kwa wenyeji wa koloni hilo jina lilikuwa na maana nyingine. Götzen ndiye aliyekuwa gavana vita ya Maji Maji ilipozuka katika vilima vya Umatumbi mwezi Julai 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyehubiri nguvu ya maji, alinyongwa mwezi Agosti mwaka huo huo. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, ambayo leo iko katika Mkoa wa Morogoro, wakapigwa kwa bunduki za rashasha.

Wakoloni walipoona kwamba risasi haziwezi kumaliza vita iliyoenea katika vijiji vingi, waligeukia chakula. Mashamba yalichomwa, maghala yakateketezwa na mifugo ikachukuliwa. Njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja Waafrika 75,000 waliopoteza maisha, ilhali makadirio ya wanahistoria yanafika hadi watu 300,000.

Miaka isiyozidi tisa baada ya moshi wa Mahenge, treni ilivuka mkoa huo huo ikiwa imebeba meli yenye jina la gavana wa vita ile. Huenda kati ya waliochimba tuta la reli walikuwamo waliopoteza ndugu zao. Hakuna aliyewauliza meli hiyo iitweje.

Meli ya mizigo yavishwa mizinga

Vita Kuu ilipoanza mwezi Agosti 1914, meli ilikuwa bado haijakamilika Kigoma. Mpango wa awali ulikuwa kubeba abiria na bidhaa zilizoletwa na treni. Sasa mahitaji yakabadilika.

Ziwa Tanganyika lilikuwa mpaka wa vita. Ufuko wa mashariki ulikuwa wa Ujerumani, ule wa magharibi ulikuwa wa Ubelgiji kupitia koloni lake la Congo, na ncha ya kusini iligusa Rhodesia ya Kaskazini ya Waingereza. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ndogo ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, iliishambulia na kuilemaza meli ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune. Tangu siku hiyo Wajerumani wakawa mabwana wa ziwa.

Goetzen iliteremshwa majini kutoka kwenye chelezo tarehe 5 Februari 1915, na katikati ya mwaka huo ikaanza kazi. Faida yake kubwa ilikuwa ni nafasi. Iliweza kuchukua askari wapatao 800 hadi 900 pamoja na zana zao na kuwahamisha kutoka upande mmoja wa ziwa hadi mwingine kwa siku chache, safari ambayo kwa miguu ingechukua majuma. Katika vita iliyopiganwa kwa nguvu za wapagazi, chombo cha namna hiyo kilikuwa sawa na jeshi la pili.

Mzinga wake mkubwa nao ulikuwa na historia yake. Tarehe 11 Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg iliharibiwa na Waingereza katika delta ya mto Rufiji, ambako ilikuwa imejificha. Wajerumani waliopoa mizinga yake kumi ya milimeta 105, wakaitengeneza upya na kuigawa katika nchi nzima. Mmoja ulipelekwa Kigoma na kufungwa kwenye Goetzen. Mzinga huo nao haukuwa na njia nyingine ya haraka ya kufika huko isipokuwa reli ile ile ya Morogoro na Kilosa.

Majina ya kiburi na majina ya mzaha

Wabelgiji na Waingereza hawakuwa na meli ya kulingana na Goetzen. Waingereza wakatafuta njia nyingine: boti mbili ndogo za mwendo wa kasi, zenye urefu wa meta 12 hivi, zilizosafirishwa kutoka Uingereza hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Congo, zikavutwa na mashine za mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, na hatimaye zikateremshwa ziwani mwezi Desemba 1915.

Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wake wa jeshi la majini walikataa kuwa na manowari zenye majina hayo. Akaleta Mimi na Toutou, majina ya kubembelezea wanyama kwa Kifaransa, nayo yakapita. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu, kwani katika lugha yetu boti ya kwanza ilikuwa ikijitaja yenyewe.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani iliyoitwa Kingani. Hilo ni jina la zamani la mto Ruvu, ambao vyanzo vyake viko katika Milima ya Uluguru na ambao hadi leo unawanywesha wakazi wa Dar es Salaam. Waingereza walipoitwaa walilifuta jina la mto wetu na kuiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi na Fifi ziliizamisha Hedwig von Wissmann, iliyokuwa na jina la mke wa gavana mwingine wa Kijerumani.

Goetzen yenyewe Spicer-Simson hakuthubutu kuigusa, hata ilipojitokeza siku iliyofuata ikiitafuta mwenzake. Ilikuwa kubwa mno kwa boti zake. Mwezi Juni 1916 Wabelgiji walituma ndege zinazotua majini kuipiga mabomu bandarini Kigoma, lakini hazikuizamisha.

Vita vya nchi kavu na mwisho wa meli

Kilichoimaliza Goetzen hakikutoka ziwani. Kilitoka nchi kavu.

Katikati ya mwaka 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalikuwa yakishuka kutoka kaskazini, huku Wabelgiji wakiingia kupitia Rwanda na Burundi. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alihitaji kila mzinga kwa ajili ya vita vya nchi kavu. Mzinga mkubwa wa Goetzen ukang'olewa, na vitabu vya historia ya vita hiyo vinasimulia kwamba mahali pake uliwekwa wa mbao ili kumdanganya adui.

Mwishoni mwa Julai 1916 Dodoma ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Uingereza. Mwezi uliofuata yalishuka na njia ya reli hadi Kilosa, na tarehe 26 Agosti yakaingia Morogoro. Kigoma ikawa imetengwa na Bahari ya Hindi. 

Lakini kabla ya hayo, tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walikuwa tayari wameizamisha wenyewe kusini mwa Kigoma, upande wa mdomo wa mto Malagarasi. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia mjini.

Lakini mafundi waliopewa kazi ya kuizamisha walikuwa ndio wale wale walioijenga. Hawakutaka kuiharibu. Waliipaka mitambo yake girisi nzito ili isiliwe na kutu, wakaijaza mchanga ili itue taratibu na kubaki imara chini, kisha wakafungua maji yaingie. Waliizika kama mtu anavyozika mbegu, akitumaini kuna siku itaota.

Liemba, jina la ziwa

Iliota, ingawa kwa kuchelewa. Wabelgiji waliiinua na kuivuta hadi Kigoma, ikazama tena kwa dhoruba. Mwaka 1921 Wabelgiji waliwakabidhi Waingereza mji huo, na tarehe 16 Machi 1924 Waingereza waliiinua kwa mara ya mwisho. Baada ya kuondolewa tope na girisi, injini na boila zilikutwa bado zinafaa kwa kazi. Ujanja wa mafundi wa Papenburg ulikuwa umeshinda karibu miaka minane ya maji.

Ikabaki suala la jina. Waingereza wasingeweza kuendesha meli yenye jina la gavana wa adui yao. Ingetarajiwa basi waweke jina la gavana wao, au la mfalme, kama ilivyokuwa desturi ya zama hizo. Katika Ziwa Victoria meli iliyoteremshwa Kisumu mwaka 1900 ilikuwa imeitwa William Mackinnon, jina la tajiri aliyeanzisha kampuni ya kikoloni ya Kiingereza katika Afrika Mashariki.

Safari hii walichagua vingine. Tarehe 16 Mei 1927 meli ilirudi kazini ikiitwa Liemba. Hilo ni jina la ziwa lenyewe kama lilivyotamkwa na wenyeji wa ncha ya kusini, na ndilo David Livingstone aliloliandika alipofika huko mwaka 1867. Jina la Tanganyika lilikuwa tayari limechukuliwa: tangu mwaka 1920 lilikuwa jina la nchi nzima.

Waliochagua jina hilo hawakuwa wenyeji, na nchi ilibaki koloni kwa miaka mingine 34. Hata hivyo, kwa bahati au kwa busara, meli ilitoka katika jina la mtu na kuingia katika jina la maji. Na pengine hiyo ndiyo sababu uhuru ulipopatikana mwaka 1961 hapakuwa na haja ya kulifuta. Barabara zilibadilishwa majina, lakini Liemba ilibaki Liemba.

Dunia nayo iliijua kwa njia nyingine. Riwaya ya The African Queen ya C. S. Forester, iliyotoka mwaka 1935, na filamu yake ya mwaka 1951 zilitokana na habari za vita hiyo ya ziwani. Katika visa hivyo meli ya Kijerumani inaitwa Louisa, na Waafrika walioijenga na kuibeba hawaonekani sana.

Kazi iliyolipa jina heshima

Jina huwa na heshima kwa kazi ya mwenye nalo. Kwa miongo mingi Liemba ilikuwa ndiyo barabara ya vijiji vya ufukweni ambavyo havikuwa na barabara. Ilitoka Kigoma na kushuka hadi Kasanga na Mpulungu nchini Zambia, ikisimama mbali na ufuko huku mitumbwi ikiizunguka kupakia dagaa, mahindi, mananasi na watu. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa na kuwekwa za dizeli, na mwaka 1993 ilifanyiwa matengenezo makubwa kwa msaada wa Denmark.

Ilipofika mwezi Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa nchini mwao walikwama katika kijiji cha Kagunga, kwenye ukanda mwembamba ulio kati ya milima na ziwa. Njia ya kutoka ilikuwa majini. Liemba ndiyo iliyowabeba, safari baada ya safari, hadi Kigoma. Meli iliyoundwa Papenburg, ikavishwa mizinga ili kubeba askari wa kuwavamia majirani, iliokoa watoto wa majirani karne moja baada ya kuteremshwa majini.

Mwaka 2018 ilisimamisha safari zake kwa sababu ya uchakavu, na tangu hapo habari zake zimekuwa za mipango na mikataba ya ukarabati. Wapo wanaoona kwamba chombo cha zaidi ya miaka 100 kinafaa kuwa makumbusho. Wapo wanaosema wakazi wa ufukweni wanahitaji usafiri, si makumbusho. Hoja zote mbili zina uzito, na si lazima zigombane: mitambo mipya inaweza kuwekwa ndani ya mwili wa zamani, kama ilivyofanyika miaka ya 1970.

Nani aandikwe ubavuni?

Suala la majina ya vyombo halikuisha na ukoloni. Katika ziwa hilo hilo ilijengwa MV Mwongozo, jina linalokumbusha Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Katika Ziwa Victoria meli mpya ilipokuwa ikijengwa ilitangazwa kwa jina la MV Mwanza Hapa Kazi Tu, ambalo nusu yake ni mji na nusu nyingine ni kaulimbiu ya awamu ya uongozi. Kila zama huandika juu ya chuma kile inachotaka kikumbukwe.

Historia ya Liemba inafundisha kwamba jina la mwenye madaraka hudumu kadiri madaraka yake yanavyodumu. Lile la Götzen lilikaa ubavuni mwa meli kwa miaka michache tu. La ziwa linakaribia kutimiza karne.

Hata hivyo, kuna majina ambayo hayakupata kuandikwa kabisa. Vita iliyopita katika nchi hii kati ya mwaka 1914 na 1918 ilitumia mamia kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika wa pande zote, na zaidi ya 100,000 miongoni mwao wanakadiriwa kufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Kumbukumbu yao kubwa katika Dar es Salaam ni soko na mtaa wa Kariakoo, neno lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Wengi wanaonunua nguo na simu hapo hawajui kwamba wanataja jina la jeshi la wabeba mizigo.

Kwa upande wa waliochimba tuta la Mkondoa na waliopakua masanduku 5,000, hakuna hata mtaa. Treni za kisasa za umeme zilipoanza kusafiri hadi Dodoma mwaka 2024, zikipita Kilosa kwa kupenya milima ndani ya mahandaki, abiria waliambiwa mengi kuhusu mwendo kasi. Ingekuwa vyema pia katika stesheni za Morogoro na Kilosa pawekwe kibao kimoja kinachoeleza kwamba hapa ilipita meli, na kwamba kuna watu walioipitisha.

Gharama yake haizidi ya kibao chochote cha stesheni. Na mwanafunzi wa Gairo, ambaye kwake ziwa ni jambo la kwenye ramani, angepata kujua kwamba babu wa babu yake huenda alikuwa na mkono katika meli ya Kigoma, tena bila kutoka Ukaguru.